Hivi uwakilishi wa makundi ya Lie na uchanganuzi wa hamonia ni somo moja au mawili?

Tufe_Duara #1
Wakuu, salaam. Nasoma shahada ya pili ya hisabati, na muhula huu nina kozi mbili. Moja ni makundi ya Lie na uwakilishi wake: aljebra mwanzo mwisho, mizizi, uzito, michoro ya Dynkin. Nyingine ni uchanganuzi wa hamonia dhahania: kipimo cha Haar (namna ya kupima ujazo ndani ya kundi isiyobadilishwa na vitendo vyake), makundi yaliyo kompakti kimahali, uwili wa Pontryagin. Walimu wawili, ofisi zinatazamana, na darasani hakuna anayemtaja mwenzake.

Dai langu ni kwamba hili ni somo moja. Chukua fanksheni yoyote kwenye duara. Fourier anaivunja iwe jumla ya e^(inθ), na kila e^(inθ) ni uwakilishi usiovunjika wa kundi la mizunguko ya duara. Sasa ondoa duara uweke kundi G, ondoa e^(inθ) uweke uwakilishi usiovunjika wa G, halafu ipasue L²(G), yaani fanksheni zote kwenye G ambazo mraba wake una intigrali yenye kikomo. Kozi ya kwanza inakupa orodha ya vipande. Ya pili inakuonyesha fanksheni inavyojengwa kwa vipande hivyo.

Nipingeni. Nataka hasa kujua nani aliyeunganisha, na kama muungano huo unashika kila mahali.

Kalamu_Nyekundu #2
Nimeshika nafasi ya mbele. Ila kabla hamjapaa, tuelezeni sisi wa huku chini "uwakilishi" ni nini.

BintiMatriksi #3
@Kalamu_Nyekundu, kundi ni mkusanyiko wa vitendo ambavyo unaweza kuvifuatanisha na kuvitendua. Kuzungusha mpira kwa pembe yoyote, kwa mhimili wowote: hilo ni kundi, linaitwa SO(3). Likiwa ni la Lie, maana yake vitendo vyake vinabadilika kwa ulaini, unaweza kuzungusha kidogo, kisha kidogo zaidi, kwa hiyo kalkulasi inafanya kazi ndani yake.

Uwakilishi ni kukipa kila kitendo matriksi yake, kwa sharti kwamba kufuatanisha vitendo kuwe sawa na kuzidisha matriksi. Usiovunjika ni ule ambao ndani ya nafasi yake hakuna nafasi ndogo inayojitegemea, kila ukigusa sehemu moja vitendo vinakuzungusha kote. Unitari ni ule usiobadilisha urefu wa vekta. Ukiwa na hayo matatu unaweza kufuata uzi huu mpaka mwisho.

Mwl_Kemia #4
Nafundisha kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka naandika ubaoni s ina obitali 1, p zina 3, d zina 5, f zina 7, na kila mwaka kuna mwanafunzi anauliza kwa nini namba witiri tu. Kitabu hakisemi. Hii mada yenu inahusika?

BintiMatriksi #5
Mwalimu, inahusika moja kwa moja, na unaweza kuihesabu ubaoni bila kitabu.

Chukua tufe, x² + y² + z² = 1. Andika polinomia za daraja la sifuri: 1 peke yake. Hiyo ni s. Daraja la kwanza: x, y, z. Ukizungusha tufe, hizi tatu zinachanganyikana zenyewe kwa zenyewe na hazitoki nje. Hizo ni p.

Daraja la pili kuna sita: x², y², z², xy, yz, zx. Lakini x² + y² + z² haibadiliki kwa mzunguko wowote, na juu ya tufe ni sawa na 1, kwa hiyo hiyo umeshaihesabu kwenye s. Itoe. Zinabaki tano: xy, yz, zx, x² − y², na 2z² − x² − y². Zitazame vizuri, mwalimu, ndizo d zako tano kwa majina yake yale yale, hata ile dz² yenye pete kiunoni.

Daraja la tatu ziko kumi, unatoa tatu ambazo ni x, y, z zikiwa zimezidishwa na x² + y² + z², zinabaki saba. Unaendelea hivyo: 2l + 1. Na hizi ndizo uwakilishi wote usiovunjika wa SO(3), hakuna mwingine uliofichwa. Kwa hiyo anayevunja fanksheni za tufe kwa utaratibu huu anafanya Fourier na uwakilishi kwa mkono mmoja. Namuunga mkono #1.

Mwl_Kemia #6
Miaka yote hii! Nitaifundisha hivi kuanzia wiki ijayo. Basi nimalizieni: ngazi ya n ya hidrojeni ina obitali n². 1, 4, 9, 16. Najua 1 + 3 ni 4, na 1 + 3 + 5 ni 9. Lakini kwa nini s, p na d za ngazi moja ziwe na nishati sawa? SO(3) hailazimishi hilo.

Pembe_Tisini #7
Swali zuri kuliko mada yenyewe. Hidrojeni ina ulinganifu uliojificha, wa daimensheni nne: SO(4). Pauli aliutumia mwaka 1926 kwa njia ya aljebra. Mwaka 1935 Fock akaonyesha kwamba ukiandika mlinganyo wa hidrojeni kwa momenta badala ya mahali, elektroni iliyofungwa inaishi juu ya tufe la daimensheni tatu, S³.

Na S³ si tufe tu. S³ ni kundi lenyewe, ni SU(2). Hapo ingiza thiorema ya Peter na Weyl ya 1927, waliyoithibitisha kwa kipimo cha Haar: L² ya kundi kompakti (lenye ujazo wenye kikomo, kama mizunguko ya mpira) ni jumla ya uwakilishi wake wote usiovunjika, na kila mmoja unajitokeza mara nyingi sawasawa na daimensheni yake. SU(2) ina uwakilishi mmoja wa kila daimensheni n. Kwa hiyo n mara n. Ndiyo n² yako. Weka spini, unapata 2n²: 2, 8, 18, 32.

Kwangu mimi aliyeunganisha ni Peter na Weyl, mjadala umeisha.

Mzee_wa_Haar #8
Haujaisha, kijana wangu. Peter na Weyl hawakuwa na kipimo cha Haar mwaka 1927. Haar alikitoa 1933. Wao walikuwa kwenye makundi ya Lie yaliyo kompakti, na huko ujazo usiobadilika unaupata kwa kalkulasi ya kawaida. Hurwitz alikuwa ameshautumia tangu 1897.

Alichokifanya Haar ni kuonyesha kwamba hata kundi lisilo na kalkulasi ndani yake, alimradi ni kompakti kimahali, lina kipimo kisichobadilika. Baada ya hapo thiorema ya Peter na Weyl ikahamia kwa kundi lolote kompakti, Pontryagin akaleta uwili wake mwaka 1934 na van Kampen akaupanua mwaka uliofuata, na Weil akaandika kitabu chake cha 1940 kuhusu intigrali kwenye makundi ya kitopolojia. Ukiniuliza aliyeunganisha, ni Weil. Kabla yake kulikuwa na visa kimoja kimoja, baada yake kukawa na fani.

Pembe_Tisini #9
Mwaka nimeupokea, mzee. Lakini n² inabaki n², na ilipatikana kabla Weil hajaandika.

Kalamu_Nyekundu #10
Huyu Lie mwenyewe yuko wapi kwenye haya yote? Mbona kundi lina jina lake na hatajwi?

Mzee_wa_Haar #11
Sophus Lie, Mnorwe, 1842 hadi 1899. Yeye alitaka kutatua milinganyo ya tofauti kama Galois alivyotatua ya aljebra. Uwakilishi unitari hakuugusa. Mwaka 1870 vita vya Ufaransa na Prussia vilimkuta Ufaransa, akaondoka kwa miguu kuelekea Italia, akakamatwa Fontainebleau kwa kudhaniwa ni jasusi wa Wajerumani. Daftari lake la hisabati lilichukuliwa kuwa ujumbe wa siri. Alikaa ndani karibu mwezi mzima mpaka Darboux alipomtoa.

Kalamu_Nyekundu #12
Nikiliangalia daftari la #7 hata mimi ningemkamata.

Nusu_Spini #13
Mmesahau fizikia kabisa. Muungano haukuletwa na mtu aliyekaa akitafuta muungano. Mwaka 1939 Wigner aliainisha uwakilishi unitari wa kundi la Poincaré, yaani ulinganifu wa nafasi na wakati katika nadharia ya Einstein, na ikaonekana kwamba chembe ya msingi ni uwakilishi usiovunjika, na lebo zake ni tungamo na spini. Tatizo: kundi hilo si kompakti, na uwakilishi wake unitari wenye maana una daimensheni isiyo na mwisho. Aljebra ya Cartan na Weyl pekee haikukufikisha huko. Ilibidi kuingia nafasi za Hilbert.

Ndipo wakaja Bargmann kwa SL(2,R) mwaka 1947, na Gelfand na Naimark kwa kundi la Lorentz wakati huo huo. Na Harish-Chandra, mzaliwa wa Kanpur, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Dirac pale Cambridge na tasnifu yake ilihusu kundi hilo hilo la Lorentz. Alihama fizikia akaingia hisabati moja kwa moja. Bila swali la elektroni kozi zako mbili zingekuwa bado hazijuani.

Sina_Kikomo #14
Sasa niruhusuni nimpinge #1 kwa hoja, maana mpaka hapa mnasherehekea visa vya makundi kompakti, na huko ni rahisi.

Chukua SL(2,R), matriksi za mbili kwa mbili zenye determinanti 1. Bargmann alitoa orodha ya uwakilishi wake unitari usiovunjika: mfululizo mkuu, mfululizo diskreti, mfululizo wa ziada, na ule mdogo kabisa unaokipa kila kitendo namba 1. Hiyo ndiyo orodha ya kozi ya kwanza. Mwaka 1952 Harish-Chandra akaandika fomyula ya Plancherel ya kundi hilo, yaani L²(G) inavyogawanyika. Nani wamo? Mfululizo diskreti umo, kama jumla, kila mwanachama na uzito wake. Mfululizo mkuu umo, kama intigrali, na uzito wake una tanh na coth ndani. Mfululizo wa ziada haumo kabisa. Ule wa namba 1 nao haumo.

Kwa hiyo L²(G) haioni orodha yote. Kozi ya kwanza inajua wanachama ambao kozi ya pili haijawahi kukutana nao. Somo moja lina vipofu wa nusu ya darasa? Ni mawili.

BintiMatriksi #15
Lakini hata kwenye R, e^(ixt) haimo ndani ya L²(R), mraba wake hauna intigrali yenye kikomo. Na bado tunaitumia.

Sina_Kikomo #16
Ni jambo jingine, dada. Kwenye R, e^(ixt) moja moja hazimo, lakini intigrali ya Fourier inapita juu ya zote, hakuna iliyoachwa nje. Kwenye SL(2,R) mfululizo wa ziada umekaa mbali na eneo lote linalopitiwa. Tofauti hiyo ina jina: R ni kundi amenabili, yaani unaweza kuchukua wastani wa fanksheni juu yake bila vitendo kuubadilisha, SL(2,R) siyo. Hulanicki alithibitisha kwamba uwakilishi wa namba 1 unafikiwa kutoka L²(G) pale tu ambapo kundi ni amenabili.

Bamvua #17
Habari za jioni wanauzi. Mimi ni wa bandarini, hisabati yangu ni ya jedwali la maji kujaa na kupwa. Nimesoma mpaka hapa kwa sababu ya neno hamonia, maana na sisi tunalo. Jedwali letu linatengenezwa kwa hamonia: M2 ya mwezi, yenye saa 12.42, S2 ya jua, yenye saa 12 kamili, halafu nyingine nyingi ndogo. Je, ni hamonia hiyo hiyo?

Mzee_wa_Haar #18
Ni hiyo hiyo, na karibu sana ndugu. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliichanganua bahari hivyo, na mashine yake ya kutabiri maji ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Doodson mwaka 1921 alifikisha hamonia 388.

Na tazama M2 na S2 zako. Moja inaichelewa nyingine kidogo kidogo. Saa 12 mara 12.42, gawa kwa tofauti yao 0.42, unapata karibu saa 355, siku 14 na robo tatu hivi. Kila baada ya muda huo zinasukuma pamoja: bamvua. Katikati yake zinavutana: maji mafu. Mvuvi wa Mombasa au Unguja anayehesabu siku za bamvua kwa mwezi anaifuata tofauti ya masafa mawili, na masafa hayo mawili ni karakta mbili, yaani uwakilishi wa daimensheni moja, za kundi R.

Obiti_Moja #19
Mzee, nina ubishi na #18. Kundi la R lina Fourier ya intigrali. Jedwali la Bamvua ni jumla, hamonia moja, mbili, tatu, 388. Jumla ni dalili ya kundi kompakti. Kwa hiyo kundi la maji si R.

Mzee_wa_Haar #20
Ni kundi gani basi?

Obiti_Moja #21
Harald Bohr, mwaka 1925, alisoma fanksheni zinazokaribia kujirudia bila kujirudia kamwe. Jedwali la maji ndilo hilo hasa: M2 na S2 hazina kipindi cha pamoja, kwa hiyo hali ya leo haitarudi sawasawa, ila itakaribia kurudi mara nyingi utakavyo. Fanksheni za namna hiyo zinaishi kwenye kundi kompakti ambalo R imefumwa ndani yake, mfumo uliopewa jina la Bohr. Ukichukua masafa machache tu, kundi hilo ni torasi, yaani maduara kadhaa yakizidishwa pamoja: pembe moja kwa kila masafa ya msingi, na muda ni uzi unaozunguka juu yake bila kufunga. Bahari ya Mombasa iko kwenye kundi kompakti la Lie.

Bamvua #22
Siku ya upepo wa kusi iko kwenye kundi gani?

Obiti_Moja #23
Hiyo inabaki nje ya jedwali, mkuu, na ndiyo sababu nahodha anatazama pia mawingu. Upepo hauna masafa ya kudumu, hapo unarudi R na intigrali zake.

Tufe_Duara #24
Shukrani kwa wote, naandika pembeni. Nirudi kwa @Sina_Kikomo #14. Umenikamata kwenye orodha. Lakini upande wa pili nadhani unashika: kinachoonekana kwenye L²(G), nani alikijua bila makundi ya Lie? Harish-Chandra alithibitisha kwamba mfululizo diskreti upo pale tu ambapo daimensheni ya torasi kubwa ya kundi kompakti K lililo ndani ya G ni sawa na ranki ya G yenyewe. Hilo ni sharti la aljebra linalojibu swali la uchanganuzi. SL(2,R) inao, SL(3,R) haina, SL(2,C) haina. Huwezi kulipata kwa kipimo cha Haar peke yake.

Nyuzi_na_Nguzo #25
Mimi naona mnatafuta daraja mahali pasipo. Lililounganisha ni thiorema inayosema ukianza na dhahania unaishia kwa Lie utake usitake. Gleason, Montgomery na Zippin mwaka 1952 walimaliza swali la tano la Hilbert, na Yamabe mwaka 1953 akaongeza: kila kundi lililo kompakti kimahali lina kundi dogo lililo wazi ndani yake ambalo linakaribiwa na makundi ya Lie kwa ukaribu wowote utakao. Basi mwalimu wa Haar anafundisha makundi ya Lie bila kuyataja.

Sina_Kikomo #26
Hiyo inawasaidia walio na makundi yaliyoungana. Chukua SL(2) juu ya namba za p-adiki, zile ambazo ukaribu wake unapimwa kwa kugawanyika kwa namba tasa p. Ni kompakti kimahali, lakini limekatikakatika kabisa. Kundi la Lie linalolikaribia ni la daimensheni sifuri, yaani vumbi. Thiorema ya Yamabe hapo haikuambii lolote. Na uwakilishi wa kundi hilo ni bahari.

Mzee_wa_Haar #27
Na bado Harish-Chandra aliyatendea makundi ya p-adiki na ya halisi kwa kanuni moja, akitaraji yafuate sheria zile zile. Alifariki 1983 kazi ya upande wa p-adiki ikiendelea.

Mimi ningesema mstari wa kweli haupiti kati ya kozi mbili. Unapita kati ya makundi ya aina ya I na mengine. Kundi likiwa la aina ya I, kila uwakilishi unitari unapasuka kwa njia moja tu, na fomyula ya Plancherel ina maana. Harish-Chandra alionyesha mwaka 1953 kwamba makundi ya Lie nusu-sahili yako hivyo, Dixmier akafuata na ya nilpotenti, Bernstein mwaka 1974 akaleta ya p-adiki yaliyo redaktivu. Lakini chukua kundi huru la herufi mbili, a na b, bila sheria yoyote kati yao. L² yake inapasuka kwa njia mbili zisizo na kipande hata kimoja cha pamoja. Ni kundi diskreti, kipimo chake cha Haar ni kuhesabu vichwa, na bado Fourier anakwama. Thoma alithibitisha: kundi diskreti ni la aina ya I pale tu linapokuwa na kundi la Abel ndani yake lenye indeksi yenye kikomo.

Hicho ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Makundi ya Lie ndiyo magumu kuyaandika, na ndiyo yanayotii.

Karata_Tatu #28
Nimesikia hesabu hizi hizi ndizo zilizothibitisha kwamba karata 52 zinahitaji kuchanganywa mara saba. Ni kweli?

Pembe_Tisini #29
Nusu. Mara saba ni ya Bayer na Diaconis, 1992, kwa mchanganyo wa kugawa mafungu mawili na kuyaingiliza, na uthibitisho wao ni wa kuhesabu mpangilio zaidi kuliko uwakilishi. Iliyotumia uwakilishi wa kundi la mpangilio ni ya Diaconis na Shahshahani, 1981: kubadilishana karata mbili mbili zilizochaguliwa kwa bahati. Huko unahitaji karibu nusu ya n mara logi asilia ya n. Kwa 52 inakaribia mia moja. Ukicheza na mtu anayebadilishana karata mbili mbili, mwambie aendelee.

Obiti_Moja #30
Karata tuziache. Mbona hakuna aliyemtaja Kirillov? 1962, makundi ya Lie nilpotenti: kila uwakilishi unitari usiovunjika ni obiti moja ndani ya uwili wa aljebra ya Lie. Jiometri inakupa orodha na kipimo cha Plancherel kwa pamoja.

Mfano wa kundi la Heisenberg. Uwili wa aljebra yake ni nafasi ya kawaida ya x, y, z. Obiti zake ni za aina mbili. Kila bapa z = h, h isipokuwa sifuri, ni obiti moja nzima. Na kwenye bapa z = 0 kila nukta ni obiti peke yake. Bapa ni uwakilishi wa Schrödinger, mmoja kwa kila h, na ndivyo Stone na von Neumann walivyosema mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nukta ni karakta za daimensheni moja. Kipimo cha Plancherel ni |h| dh, kwa hiyo nukta zote za bapa la sifuri zina uzito sifuri, lakini ziko ukingoni, h ikikaribia sifuri unazifikia. Hili linaonyesha kwa macho kile alichosema #16 kuhusu amenabili.

Mtu akiniuliza uwakilishi na hamonia vinakutania wapi, namchorea bapa hizo.

Nusu_Spini #31
Na h hiyo ni ya Planck. Nilisema fizikia.

Sina_Kikomo #32
Kirillov anashika vizuri kwa nilpotenti. Kwa nusu-sahili, mfululizo wa ziada hauna obiti ya kwake iliyo wazi. Mnarudi kwangu. Na angalieni mradi wa Atlas: mwaka 2007 walihesabu polinomia za Kazhdan, Lusztig na Vogan kwa umbo gawanyifu la E8, matriksi ya 453,060 kwa 453,060, lengo kubwa likiwa ni kuijua orodha yote ya uwakilishi unitari. Hakuna intigrali hata moja katika hesabu hiyo. Hiyo kazi inaweza kufanywa na mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Fourier.

BintiMatriksi #33
Lakini neno "unitari" limetoka wapi kama si kwenye nafasi ya Hilbert? Gårding mwaka 1947 ilibidi aonyeshe kwamba ndani ya kila uwakilishi unitari wa kundi la Lie kuna vekta laini za kutosha, ndipo uruhusiwe kutofautisha na kuingia kwenye aljebra. Bila hatua hiyo Atlas hawana haki ya kudai kwamba matriksi yao inahusu kundi. Aljebra inasimama juu ya uchanganuzi hata ikiusahau.

Namba_Tasa #34
Nimekuja kwa kuchelewa, mimi ni wa namba. Ninyi nyote mnaizungumzia L²(G). Kwetu kazi iko kwenye L²(Γ\G), ambapo Γ ni kundi diskreti kama SL(2,Z). Selberg alikisia kwamba kwa Γ za kikongruensi, yaani zinazofafanuliwa kwa mabaki ya kugawanya kwa namba fulani, mfululizo wa ziada hautokei, yaani thamani ya kwanza ya Laplace haiko chini ya 1/4. Mwenyewe alithibitisha 3/16 mwaka 1965. Kim na Sarnak walifika 975/4096 mwaka 2003, hiyo ni karibu 0.238. Hapo hapo pamesimama. @Sina_Kikomo, hawa unaosema hamonia haiwaoni ndio tunaowawinda miaka yote.

Obiti_Moja #35
Basi hoja ya #14 imepungua uzito. Kama L²(Γ\G) ni uchanganuzi wa hamonia, na hakuna anayekataa, uwakilishi wa namba 1 umo tayari: ujazo wa Γ\G una kikomo, kwa hiyo fanksheni isiyobadilika ni mwanachama halali.

Sina_Kikomo #36
Huo mmoja nakupa. Mfululizo wa ziada bado. Dhana ya Selberg inasema haumo.

Namba_Tasa #37
Inasema haumo kwa Γ za kikongruensi. Kwa Γ nyingine umo: Randol alionyesha mwaka 1974 kwamba nyuso za hipaboli zenye thamani ndogo za Laplace zipo, ndogo utakavyo.